Sura ya Tisa: Kipimo cha Mto Kinapotushangaza

9.1 Utangulizi

Katika sura iliyopita tulijifunza namna ya kupima mvua. Tuliona kwamba maji ya mvua hukusanywa katika chombo, kisha hupimwa kwa milimita. Sasa tutafuata maji hayo yanapoingia mtoni. Tutajifunza namna ya kupima usawa wa maji ya mto, na namna ya kufikiri pale kipimo kinapoonyesha jambo tusilolitarajia.

Bila shaka umepata kuona, karibu na daraja, bamba jembamba la chuma lililosimamishwa wima ukingoni mwa mto. Bamba hilo lina mistari na tarakimu, kama rula kubwa. Pengine ulidhani ni alama iliyoachwa na wajenzi wa daraja. Sivyo. Hilo ni bamba la kipimo. Kwa kulitumia, msomaji wa kipimo huweza kujua maji yamepanda au yameshuka kwa sentimita ngapi tangu jana.

Kazi ya msomaji wa kipimo huonekana kuwa ndogo. Yeye huenda mtoni asubuhi na jioni, husoma tarakimu moja, huiandika katika daftari, kisha hurudi nyumbani. Lakini tarakimu hizo zikikusanywa kwa miaka mingi huwa na faida kubwa. Mhandisi huzitazama kabla ya kuamua kimo cha daraja. Mkulima huzihitaji ili ajue kama maji ya mfereji yatatosha. Watu wanaokaa bondeni huonywa kwa tarakimu hizo kwamba mafuriko yanakuja. Kwa hiyo tarakimu moja isiyo ya kweli yaweza kuleta hasara. Vivyo hivyo, tarakimu moja ya kweli iliyofutwa kwa sababu ilionekana ya ajabu yaweza kuleta hasara kubwa zaidi.

9.2 Namna ya kusoma bamba la kipimo

Bamba la kipimo hugawanywa kwa mita na sentimita. Ukitaka kulisoma, fuata kanuni hizi:

(a) Simama mahali salama unapoweza kuliona bamba vizuri. Macho yako yawe karibu na usawa wa maji iwezekanavyo. Ukilitazama bamba kutoka juu sana, utasoma tarakimu isiyo sahihi.

(b) Maji yakiwa na mawimbi, soma mahali wimbi linapofika juu, kisha mahali linapofika chini. Jumlisha tarakimu hizo mbili, ugawanye kwa mbili. Kwa mfano, wimbi likifika m 1.24 na kushuka hadi m 1.20, usawa wa maji ni m 1.22.

(c) Soma kwanza tarakimu ya mita, ndipo usome sentimita. Wasomaji wengi hukosea mita kuliko sentimita, kwa kuwa macho yao hukimbilia mistari midogo iliyo karibu na maji.

(d) Andika papo hapo tarehe, saa na tarakimu uliyoisoma. Usitegemee kukumbuka.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili: sifuri ya bamba si lazima iwe chini kabisa ya mto. Waliolisimika huchagua mahali pa kuanzia kuhesabu. Kwa hiyo bamba likionyesha m 0.00, mto waweza kuwa bado una maji. Tena, bamba huonyesha usawa wa maji, wala halionyeshi kama maji hayo yanakwenda au yamesimama. Dimbwi lililotulia laweza kuwa na usawa wa m 0.50, ilhali hakuna hata tone moja linalotiririka. Usawa ni jambo moja, na mtiririko ni jambo jingine. Tutaona umuhimu wa tofauti hii mbele katika sura hii.

9.3 Daftari lenye tarakimu ya ajabu

Tazama ukurasa huu wa daftari la kipimo. Ni mfano tu. Vipimo vilichukuliwa wakati wa kiangazi, kila siku saa tatu asubuhi.

Tarehe 3: m 1.42
Tarehe 4: m 1.40
Tarehe 5: m 1.38
Tarehe 6: m 2.36
Tarehe 7: m 1.34
Tarehe 8: m 1.33

Je, ni tarakimu ipi inayokushangaza? Bila shaka ni ya tarehe 6. Siku zote mto ulikuwa ukishuka polepole, sentimita moja au mbili kwa siku. Tarehe 6 unaonekana kupanda karibu mita nzima, na kesho yake kushuka zaidi ya mita moja.

Mwanafunzi mvivu atasema, "Msomaji amekosea. Tuifute." Mwanafunzi mwepesi wa kuamini atasema, "Imeandikwa, kwa hiyo ni kweli. Mafuriko yalipita." Wote wawili wametoa hukumu kabla ya kuchunguza. Mwanafunzi wa sayansi hauliza tu kama tarakimu ni ya ajabu. Huuliza, "Ikiwa ni kweli, ni dalili gani nyingine ninayotazamia kuiona?"

Ikiwa maji yalipanda kweli hadi m 2.36, kingo za mto zitakuwa na matope mabichi hadi kimo hicho. Nyasi zitakuwa zimelala kuelekea upande maji yanakokwenda. Majani makavu na vijiti vitakuwa vimenasa kwenye matawi ya vichaka. Huenda chombo cha kupimia mvua kilichoko milimani kimeonyesha mvua kubwa. Msomaji wa bamba lililo juu ya mto naye atakuwa ameandika kwamba maji yalipanda huko kwanza.

Ikiwa hakuna hata dalili moja kati ya hizo, tazama tena tarakimu yenyewe. Kama mto uliendelea kushuka sentimita mbili kwa siku, tarehe 6 ungekuwa na m 1.36. Msomaji aliandika m 2.36. Sentimita ni zile zile, ila mita imeongezeka moja. Hapo tunaweza kusema kwamba yaelekea msomaji alikosea mita.

Hata hivyo, tarakimu hiyo haifutwi. Hupigwa mstari mmoja mwembamba, ili iendelee kusomeka, na kando yake huandikwa maneno haya: "Yaelekea ni m 1.36. Hakuna mvua, hakuna matope kingoni." Mtu atakayelisoma daftari baada ya miaka ishirini ataona kilichoandikwa kwanza, na ataona sababu ya kukisahihisha. Akipata habari mpya, ataweza kuamua mwenyewe.

9.4 Maswali manne ya kujiuliza

Kipimo kinapokushangaza, jiulize maswali manne kwa utaratibu. Anza na lililo karibu, umalize na lililo mbali.

Swali la kwanza: Je, jicho limekosea? Soma tena. Mwite na mwenzako asome bila kumwambia ulichokisoma wewe. Ukimwambia kwanza, naye huenda akaona kile ulichokiona wewe.

Swali la pili: Je, chombo kimeharibika? Gogo lililochukuliwa na maji laweza kuligonga bamba na kulisukuma chini au kuliinamisha. Siku hiyo tarakimu hubadilika ghafula, na hairudi tena kama zamani. Mahali pengine usawa wa maji hupimwa kwa boya lililo ndani ya kisima kidogo kando ya mto. Kisima hicho huunganishwa na mto kwa bomba. Bomba likizibwa na matope, boya hutulia mahali pamoja, na kipimo huonyesha tarakimu ile ile siku nyingi mfululizo. Mto ulio hai haukai bila kubadilika hata kidogo. Kwa hiyo tarakimu isiyobadilika nayo ni ya ajabu, ingawa haishtui.

Swali la tatu: Je, kuna jambo lililotokea karibu na bamba? Mti ukianguka mtoni chini kidogo ya bamba, au magugu yakisongamana hapo, maji huzuiwa na kujaa nyuma yake. Bamba litaonyesha kwamba maji yamepanda, ingawa mto haukuletewa maji zaidi. Karibu na pwani, bahari nayo husababisha jambo kama hilo. Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi, maji yake hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huweza kupita mita 3. Mtu wa bara asiyejua habari za bahari angedhani kuwa bamba limerogwa!

Swali la nne: Je, mto wenyewe umebadilika? Ikiwa jicho ni zima, chombo ni kizima, na karibu na bamba hakuna kizuizi, basi kipimo kinasema kweli. Lililobaki ni kutafuta sababu, na huenda sababu hiyo iko mbali sana.

9.5 Mto unaojaa bila mvua

Mfano wa zamani wa sababu iliyo mbali unatoka Misri. Huko Cairo, katika kisiwa cha Roda kilicho ndani ya Mto Naili, kuna kisima cha mawe kilichojengwa mwaka 861. Katikati ya kisima hicho imesimama nguzo ya marumaru yenye alama za dhiraa. Maji ya mto yaliingia kisimani kwa njia tatu zilizochimbwa chini ya ardhi. Kila mwaka watu walisoma alama za nguzo hiyo ili wajue kama mavuno yatakuwa mema. Maji yakiwa machache, njaa ilitazamiwa. Yakizidi mno, vijiji vilifunikwa na maji.

Jambo la ajabu ni kwamba Naili ilijaa wakati wa joto kali, nchi ikiwa kavu, bila mvua kunyesha Misri. Mgiriki mmoja aitwaye Herodotus, aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliandika kwamba aliwauliza Wamisri sababu ya jambo hilo, wala hakupata jibu. Siku hizi tunaijua sababu. Mvua kubwa hunyesha katika milima ya Ethiopia kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba. Maji hayo hushuka kwa Mto Naili ya Buluu, husafiri mamia ya kilomita jangwani, kisha hufika Misri.

Tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mafuriko hayo ya kila mwaka hayafiki tena Cairo. Lakini fundisho limebaki: kipimo kilikuwa sahihi, ila sababu ilikuwa katika nchi nyingine.

9.6 Mto Ruaha Mkuu

Sasa turudi Tanzania, tutazame mfano wa siku za karibu. Huko Misri kipimo kilishangaza kwa kupanda. Hapa kwetu kilishangaza kwa kushuka.

Mto Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayoingiza maji yake katika Mto Rufiji. Vijito vyake huanzia katika milima ya Uporoto na Kipengere, Nyanda za Juu za Kusini. Kutoka huko maji hushuka hadi katika bonde pana na tambarare la Usangu. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera nayo huingia katika bonde hilo. Maji hukusanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Kinamasi hicho hutoa maji mahali pamoja tu, panapoitwa Ng'iriama, ambapo pana kizingiti cha mwamba. Baada ya hapo mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hufika Msembe, kisha huendelea hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambako nguvu ya maji huzalisha umeme.

Usawa wa maji umekuwa ukipimwa Msembe tangu miaka ya 1960. Kila mwaka vipimo vilionyesha mto ukijaa wakati wa mvua na kupungua wakati wa kiangazi. Ulipungua sana, lakini haukuacha kutiririka. Ndipo mwishoni mwa mwaka 1993 likatokea jambo ambalo daftari halikuwa nalo: mto uliacha kutiririka. Palibaki mchanga na madimbwi machache.

Jiulize yale maswali manne. Je, jicho lilikosea? La, kila aliyefika alikanyaga mchanga mkavu mahali palipokuwa na maji. Je, chombo kiliharibika? La, mto ulikuwa mkavu kwa kilomita nyingi, si penye bamba peke yake. Je, palikuwa na kizuizi karibu? Hapana. Basi mto wenyewe ulikuwa umebadilika.

Jambo hilo halikuwa la mwaka mmoja tu. Mto ulikauka tena katika viangazi vilivyofuata, na miaka mingine ulikaa bila kutiririka kwa zaidi ya miezi 2. Viboko walibanana katika madimbwi yenye tope. Samaki walikufa maji yalipokwisha. Tembo walichimba mchangani kwa miguu na mikonga yao ili wapate maji ya kunywa.

Watu walitoa sababu mbalimbali. Wengine walisema kwamba mvua imepungua. Wengine waliwalaumu wafugaji kwamba ng'ombe wao wamekausha kinamasi. Wengine waliwalaumu wakulima wa mpunga. Kila mmoja alisema kwa hakika, na aliyelaumiwa aliona uchungu. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa sauti kubwa. Watafiti walirudi kwenye madaftari.

Kwanza walitazama vipimo vya mvua vya miaka mingi. Waliona kwamba mvua hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini haikupungua kiasi cha kutosha kueleza kukauka kwa mto. Pili walitazama vipimo vya mito ya juu, karibu na milima. Huko maji yaliendelea kushuka hata wakati wa kiangazi. Basi maji yalikuwa yakiingia bondeni, lakini hayakutoka. Yalipotelea wapi?

Jibu lilipatikana kati ya vituo hivyo viwili. Tangu miaka ya 1960 mashamba ya mpunga ya Usangu yalikuwa yameongezeka mno, kutoka maelfu machache ya hekta hadi makumi ya maelfu. Mabanio mengi yalijengwa ili kuyaelekeza maji ya mito katika mifereji. Banio la saruji lina uwezo kuliko banio la miti na majani. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mdogo, banio moja laweza kuyachukua maji karibu yote. Tena mifereji mingi ilikuwa wazi hata baada ya mpunga kuvunwa. Maji yalisambaa mashambani, yakageuka mvuke kwa jua kali, wala hayakumea zao lolote. Mengine yalitumiwa na wanavijiji kwa kunywa, kupikia na kumwagilia bustani.

Usawa wa maji ya Ihefu ulishuka kidogo kidogo. Uliposhuka chini ya kizingiti cha Ng'iriama, hakuna maji yaliyoweza kuvuka mwamba. Kinamasi kilikuwa bado na maji, lakini mto ulio mbele yake ulikauka.

Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 mto huo utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 mifugo mingi iliondolewa Usangu. Mwaka 2008 eneo la Ihefu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hata hivyo, baada ya hayo yote mto uliendelea kukauka wakati wa kiangazi. Kipimo hakiangalii ahadi zetu wala lawama zetu. Huonyesha tu maji yaliyopo. Kwa hiyo ndicho kinachotuambia kama dawa tuliyoitumia ndiyo dawa ya ugonjwa.

Usidhani kwamba mkulima wa mpunga ni adui wa mto. Mchele wa Usangu hulisha watu wengi nchini. Kazi iliyopo ni kugawana maji: kufunga banio wakati shamba halihitaji maji, kutengeneza mifereji ili isivujishe, na kupima maji yanayochukuliwa. Watumiaji wa maji hukata shauri pamoja ni nani achukue, lini, na kiasi gani. Mashauri hayo huwa ya haki zaidi kila mmoja anapoweza kuiona tarakimu ile ile.

9.7 Jaribio: Kopo lenye maji na mto mkavu

Kusudi: Kuonyesha jinsi mto unavyoweza kukauka ilhali kinamasi kina maji.

Vifaa: Kopo kubwa au ndoo kuukuu, msumari mnene, vikombe viwili vilivyo sawa, beseni, rula, tofali, na maji.

Njia:

1. Mwombe mwalimu atoboe tundu moja ubavuni mwa kopo, sentimita 10 kutoka chini. Liwe pana kiasi cha kupitisha kalamu.

2. Weka kopo juu ya tofali. Weka beseni chini ya tundu. Simamisha rula ndani ya kopo. Rula hiyo ndiyo bamba lako la kipimo.

3. Mimina maji mpaka yaanze kutoka tunduni. Ngoja yaache kutoka yenyewe. Soma rula na uandike.

4. Mimina kikombe kimoja cha maji polepole. Tazama tunduni. Kuna nini?

5. Ngoja tena mpaka maji yaache kutoka. Sasa mwenzako achote kikombe kimoja kutoka katika kopo. Soma rula na uandike.

6. Mimina kikombe kimoja, kisha mwenzako achote kikombe kimoja mara maji yanapotulia. Fanyeni hivyo mara kumi. Kila mara tazama tunduni.

Utaona nini? Katika hatua ya 4, maji uliyoyamimina yalitoka tunduni. Katika hatua ya 6, ulimimina vikombe kumi, lakini beseni halikupata maji zaidi ya matone machache. Rula bado inaonyesha kwamba kopo lina maji mengi.

Maelezo: Kopo ni mfano wa kinamasi cha Ihefu. Tundu ni mfano wa kizingiti cha Ng'iriama. Maji unayoyamimina ni mito inayotoka milimani. Kikombe cha mwenzako ni mabanio, na beseni ni mto unaopita hifadhini. Mwenzako hakulikausha kopo. Alichukua kiasi kidogo tu, lakini kiasi hicho ndicho kilichokuwa kivuke tundu.

9.8 Kazi ya kufanya

Kama shule yenu iko karibu na kijito au lambo, mwombeni mwalimu awaongoze kutengeneza bamba la kipimo. Tumieni ubao mnyoofu wenye urefu wa mita moja na nusu. Uchoreni mistari kila sentimita mbili kwa rangi isiyotoka majini. Mwalimu au mtu mzima ndiye atakayeusimika. Msiende majini bila mtu mzima, na msikaribie kabisa mahali penye mamba au viboko. Shule isiyo na mto karibu itumie pipa la kukingia maji ya mvua.

Someni kipimo kila siku kwa muda wa wiki nne. Gawaneni zamu. Katika daftari andikeni tarehe, saa, usawa wa maji, hali ya hewa, na jina la msomaji. Pawe na nafasi ya maelezo. Mkiona tarakimu ya ajabu, msiifute. Andikeni kando yake mlichokichunguza na mlichokiona.

9.9 Muhtasari

Usawa wa maji ya mto hupimwa kwa bamba lenye mita na sentimita.

Usawa si mtiririko. Maji yaweza kuwapo bila kutiririka.

Kipimo cha ajabu kisifutwe wala kisiaminiwe mara moja. Kiandikwe kama kilivyosomwa, kisha kichunguzwe.

Uchunguzi huanzia kwenye jicho, ukaenda kwenye chombo, kisha mahali palipo karibu, kisha mto wenyewe.

Sababu ya mabadiliko ya mto yaweza kuwa mbali na mahali yanapoonekana.

9.10 Maswali

1. Eleza kwa nini ni lazima macho ya msomaji yawe karibu na usawa wa maji.

2. Wimbi linafika m 0.96 na kushuka hadi m 0.88. Tafuta usawa wa maji.

3. Bamba moja limeonyesha m 0.75 kwa siku kumi na mbili mfululizo, ilhali mvua ilinyesha mara tatu katika siku hizo. Ni swali lipi kati ya yale manne unaloanza kulifikiria? Utafanya nini ili upate hakika?

4. Wakati wa kiangazi, bamba linaonyesha maji yakipanda sentimita 3 kila siku. Bamba lililo juu ya mto linaonyesha maji yakishuka. Taja sababu moja inayoweza kuleta tofauti hiyo.

5. Kwa nini msomaji wa kipimo aliyeko mdomoni mwa Mto Rufiji aandike saa aliyosoma, wala asiridhike na tarehe peke yake?

6. Watafiti walijuaje kwamba maji ya Mto Ruaha Mkuu yalipotea katika bonde la Usangu, wala si milimani?

7. Msomaji mmoja aliona maji yamepanda mita 2 usiku mmoja bila mvua kijijini kwake. Akaogopa kuchekwa, akaandika tarakimu ya jana. Eleza madhara yanayoweza kuwapata watu wanaokaa chini ya mto. Ungekuwa wewe, ungeandika nini, na ungempelekea nani habari hiyo?